Jibu la Mlinganyo Lililochelewa

Wapenzi wa lugha na ushairi, leo naleta barazani jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza si la baraza hili. Ni jambo la ubao na chaki: namna ya kutafuta thamani ya herufi moja iliyofichwa ndani ya mlinganyo. Naomba mnivumilie, kwa kuwa deni ninalolilipa hapa ni deni la maneno, na maneno ndiyo mali yetu sote.

Ilikuwa mwaka 1984, katika shule moja ya sekondari iliyo chini ya Milima ya Upare. Nilikuwa mwalimu kijana, miaka michache tu tangu nitoke chuo cha ualimu. Siku hiyo niliandika ubaoni, mbele ya wanafunzi wa kidato cha kwanza, mlinganyo huu:

3x + 20 = x + 180

Nikawaonyesha kazi yake kwa haraka. Ishirini ya kushoto nikaivusha kwenda kulia, ikageuka kuwa kutoa ishirini. Ile x ya kulia nikaivusha kuja kushoto, ikageuka kuwa kutoa x. Nikapata 2x = 160, na mwishowe x = 80. Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, kama nami nilivyofundishwa.

Mvulana mmoja aliyetoka vijiji vya juu milimani akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiswahili: "Samahani mwalimu, hiyo ishirini ikivuka kwenda ng'ambo, ni kitu gani kinachoigeuza?"

Darasa likacheka. Walicheka kwa sababu mbili: swali lilisikika la kitoto, na muulizaji alikuwa amevunja kanuni ya shule. Kanuni ilisema Kiingereza tu ndani ya darasa, na aliyekamatwa akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni mpaka jioni. Nikamvisha kibao. Kuhusu swali lenyewe, nilimjibu kwa Kiingereza kwamba hiyo ndiyo kanuni, aikariri. Mwaka ule hakuuliza tena swali lolote katika somo langu.

Nimestaafu sasa, na kila nikikumbuka kisa hicho najiuliza kwa nini sikumjibu. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa na kanuni tu, na kanuni ile niliipokea katika lugha ya kigeni, nikaihifadhi bila kuitikisa kusikia kama ndani yake mna kitu. Makala haya ndiyo jibu langu kwake. Ili nilitoe ipasavyo, sina budi kuanza na historia ya maneno.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Ndiyo miaka ambayo Kiswahili kilithibitishwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini. Hesabu tulizifanya kwa Kiswahili. Mwalimu wetu alichora kisanduku kitupu, kisha akaandika mbele yake kujumlisha 5, sawasawa na 12, akatuuliza: "Humu ndani mmejificha namba gani?" Kisanduku hakikututisha hata kidogo. Sote tulijua vitendawili, na kitendawili nacho ni kitu kilichofichwa ambacho dalili zake zimeachwa wazi. Tulijibu saba, tukarudisha saba yetu kisandukuni kuona kama maneno yanatimia.

Nilipoingia sekondari, kisanduku kiliondoka ikaja herufi x, na Kiswahili kiliondoka kikaja Kiingereza. Mabadiliko yote mawili yalifanyika kwa siku moja. Mtoto hakuweza kujua lipi kati ya hayo ndilo lililomshinda. Katika hali hiyo mwalimu hutafuta njia ya mkato, nayo njia ya mkato ya mlinganyo ilikuwa msemo mfupi wa Kiingereza, ambao kwa lugha yetu ungekuwa: vuka upande, geuza alama. Ni msemo wenye mizani nzuri, unakaririka upesi, na unatoa majibu sahihi kwa muda. Ndipo ulipo ubaya wake.

Nimesahihisha madaftari kwa zaidi ya miaka thelathini, na naweza kuwaambia mahali msemo huo unapomwangusha mtoto. Akifika kwenye 2x = 160, huiona ile mbili imeshikamana na x. Anakumbuka: ikivuka, alama inageuka. Basi anaandika x = 160 − 2, anapata 158. Mwingine, aliyekumbuka kwamba hapa ni pa kugawanya, huigawa 160 kwa −2, kwa sababu kaambiwa kinachovuka hugeuka alama, naye anapata −80. Watoto hawa si wazembe. Wametii kanuni kuliko sisi tulioitunga, na kanuni imewasaliti kwa kuwa haikubeba sababu yake.

Sababu ilikuwa wapi? Twende nyuma kidogo.

Kutafuta kiasi kilichofichwa ni kazi ya kale, na katika bara letu la Afrika ushahidi wake ni wa kale sana. Katika Misri, yapata mwaka 1650 kabla ya Kristo, mwandishi aitwaye Ahmes alinakili katika karatasi ya mafunjo mafumbo ya hesabu yaliyokuwapo tangu kabla ya zama zake. Fumbo mojawapo lasema hivi: kiasi fulani kikijumlishwa na sehemu yake ya saba, jumla ni 19, kiasi hicho ni kipi? Jibu ni kumi na sita na sehemu tano za nane. Neno walilolitumia kwa kiasi hicho kisichojulikana husomwa "aha", na maana yake ni lundo au fungu. Hakuna herufi x hapo. Pana neno la kawaida, la mtu mwenye nafaka ghalani.

Zikapita karne nyingi. Mjini Baghdad, katika enzi ya Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu juu ya hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Katika neno al-jabr dunia imepata neno aljebra. Katika dibaji yake mwandishi alieleza kwamba anawaandikia watu wanaohitaji hesabu katika mirathi, wasia, mgawanyo, kesi, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Msomaji wa Upare akifika kwenye neno mifereji hutulia kidogo. Wazee wetu walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya vijito usiku, kisha asubuhi maji yakafunguliwa mferejini na kugawanywa mashambani kwa zamu. Mwenye kugawa maji ya ndiva kwa watu wasiolingana mashamba anajua, bila kufundishwa na mtu wa Baghdad, kwamba ukimwongezea huyu umempunguzia yule.

Sasa tuyatazame yale maneno mawili, maana ndiyo kiini cha jambo. Al-jabr ni kuunga kilichovunjika, kurudisha kilichopunguka mahali pake. Kwa Waarabu neno hilo lilihusu hata uungaji wa mifupa, na huko Hispania mtu aliyeunga mifupa iliyovunjika aliitwa kwa jina lililotokana na neno hilo hilo. Katika mlinganyo kazi yake ni hii. Tuseme gunia limepungukiwa kilo 20, limebaki na 60: x − 20 = 60. Upande wa kushoto umevunjika. Unauunga kwa kuurudishia zile 20 zilizotoka. Lakini ukiuongezea upande mmoja peke yake umedhulumu, kwa hiyo unauongezea na wa pili 20 zile zile. Kushoto linabaki gunia zima, kulia zinakuwa 80.

Al-muqabala ni kukabilisha, kuweka kitu mkabala na kingine. Vitu vya aina moja vikiwa pande zote mbili, unavitazamisha uso kwa uso na kuviondoa sawasawa. Turudi kwenye mlinganyo wangu wa mwaka 1984 na tuuvalishe nguo za nyumbani. Magunia matatu ya tangawizi pamoja na jiwe la kilo 20 yanalingana kwa uzito na gunia moja pamoja na mawe ya kilo 180. Magunia yote ni ya uzito mmoja. Toa gunia moja huku na gunia moja kule: yamebaki mawili na kilo 20 upande huu, kilo 180 upande ule. Toa kilo 20 huku na kilo 20 kule: magunia mawili, kilo 160. Gawa kila upande mafungu mawili yaliyo sawa, uchukue fungu moja: gunia moja, kilo 80.

Hakuna kilichovuka. Hakuna kilichogeuka. Ile ishirini haikusafiri kwenda ng'ambo ikabadilika kama mtu aliyelogwa njiani. Iliondolewa mahali pake, na kwa kuwa iliondolewa hapa, ilibidi kiasi kama hicho kiondolewe na pale. Alama ya kutoa inayoonekana kulia ni kumbukumbu ya haki iliyotendeka kwa upande wa pili. Hilo tu.

Al-Khwarizmi aliyasema hayo yote kwa maneno, bila herufi za kuwakilisha namba wala alama ya usawa. Kiasi kilichofichwa alikiita mzizi, au kitu. Ile alama ya mistari miwili tunayoiandika leo iliwekwa na Robert Recorde wa Wales katika kitabu alichokichapisha mwaka 1557. Alichagua mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Desturi ya kutumia x, y na z kwa visivyojulikana ilienezwa na René Descartes wa Ufaransa katika kitabu cha mwaka 1637. Kwa hiyo mlinganyo uliishi karne nyingi kama sentensi kabla haujawa alama. Alama zilifupisha kazi, nazo zilistahili. Ila ufupisho humfaa aliyekwisha kuijua sentensi ndefu. Sisi tuliwapa watoto ufupisho wa sentensi ambayo hawajapata kuisikia.

Na hapa ndipo ninapowageukia ninyi, watu wa lugha. Tazameni ni kwa kiasi gani sentensi hiyo ilikuwa tayari kinywani mwetu. Hesabu, sifuri, thamani, sawa, mkabala: maneno haya yamekuja kutoka Kiarabu na kukaa kwetu mpaka yamekuwa wenyeji. Mswahili anaposema nyumba yake iko mkabala na msikiti, anatumia ndugu wa karibu wa al-muqabala. Anapokabiliana na tatizo, analitazama uso kwa uso. Neno aljebra ndilo lililopita njia ndefu, kwa kuwa limetufikia kupitia Ulaya na vitabu vya Kiingereza, na lilipofika lilikuwa limekwisha kusahau kwamba maana yake ni kuunga.

Neno mlinganyo nalo ni zao la mzizi wetu wenyewe: kulinga, kulingana, kulinganya. Kazi ya kuyapa maneno kama haya nafasi shuleni ina historia yake. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1930, ikishughulikia usanifishaji wa lugha na vitabu vya shule. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo pamoja na wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limesanifu istilahi nyingi za taaluma. Mlinganyo ni istilahi iliyofaulu, kwa sababu inatamka jambo lenyewe. Jina lake linakuambia kwamba kuna vitu viwili na kwamba vinalingana. Mtoto akilisikiliza neno vizuri, nusu ya somo imekwisha.

Mbona basi neno hilo halikuwamo darasani mwangu mwaka 1984? Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilitoa taarifa yake na kupendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Walimu vijana tulilizungumza pendekezo hilo kwa matumaini, wengine kwa hofu. Halikutekelezwa. Mvulana wangu aliuliza swali lake mwaka mmoja kabla ya tarehe ambayo, kama mambo yangekwenda vinginevyo, lingekuwa swali halali kwa lugha halali. Baadaye Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote. Mlango ukifunguliwa bado kuna kazi ya kuingia.

Sisemi kwamba Kiingereza ndicho kilichoharibu hesabu. Wapo watoto wa Kiingereza wanaokariri msemo ule ule wa kuvuka na kugeuza, na wanaanguka pale pale walipoanguka wangu. Wala sisemi kwamba Kiswahili kikitumika hesabu itakuwa rahisi. Mwalimu anaweza kukaririsha watoto upuuzi kwa lugha yoyote. Ninachosema ni kwamba sababu ya hatua huishi katika neno, na mtu akinyang'anywa neno, hawezi kuuliza sababu bila kuonekana mkosaji. Ndivyo nilivyomfanyia kijana yule.

Ninyi washairi mna ushahidi mwingine ambao mimi sikuuona mpaka uzeeni. Tunaita mizani kile chombo cha kupimia sokoni, na tunaita mizani zile silabi za mshororo. Ni neno moja. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954, alizipa mizani mahali pa heshima miongoni mwa sheria hizo, na tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimehesabu silabi kwa vidole. Mshairi wa tarbia anayetaka mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, amefikisha 13, na neno la mwisho bado halijaja. Anajua linahitajika neno la mizani tatu, tena lenye kina kilichokwisha kuwekwa. Hajaandika x popote, lakini ametatua 13 + x = 16. Akihesabu mizani za shairi zima akapata 448, na kila ubeti una mishororo minne ya mizani 16, yaani 64, basi 64x = 448, na beti ni saba. Hatahangaika kujiuliza kama ile 64 igeuke alama. Atagawa mafungu tu, kwa sababu anajua anachokihesabu.

Tena mshairi anajua jambo ambalo mwanafunzi wangu hakupewa nafasi ya kulijua: mshororo ukipungua mizani moja, sikio linalia. Hahitaji mwalimu wa kuja kumwekea alama ya kosa. Mlinganyo nao una sikio. Rudisha 80 mahali pa x: mara tatu ni 240, na 20 ni 260, upande wa pili 80 na 180 ni 260. Pande zimelia sauti moja. Jibu la −80 lisingepita hapo. Mtoto aliyefundishwa kusikiliza mlinganyo angelikamata mwenyewe, kama malenga anavyoukamata mshororo uliopungua.

Kuna kisa kimoja cha historia ya Same ambacho sikuwa nikikihusisha na hesabu. Mwezi Januari mwaka 1945 Wapare kwa maelfu waliteremka kutoka milimani wakaja Same, makao makuu ya wilaya, kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika sana historia ya Wapare, alikieleza kisa hicho katika kitabu kidogo cha mwaka 1971. Haikuwa kodi ya kawaida ya kiasi kimoja kwa kila mtu. Ilikuwa kodi ya ngazi: juu ya kiasi cha msingi, mtu aliongezewa kiasi kingine kulingana na makadirio ya mali yake. Watu walikaa Same wakidai iondolewe. Baadaye wanawake wa Usangi nao wakaingia katika mapambano, na hatimaye kodi ile ikafutwa.

Sitaki kutia chumvi. Watu wale hawakushuka mlimani kwa ajili ya aljebra. Walikuwa na hoja za utawala, za mila na za riziki. Lakini kodi ile, ukiiandika ubaoni, ni mlinganyo: kodi ni msingi pamoja na sehemu ya mali. Kisichojulikana ni mali, nayo ilikadiriwa na wengine kwa njia ambayo mlipaji hakuikubali. Alipelekewa jibu lililopigiwa mistari miwili. Wazee wetu walikataa jibu ambalo hatua zake hawakuridhika nazo, na leo tunawasimulia kwa fahari. Mimi, mwana wa milima hiyo hiyo, nilimvisha kibao shingoni mtoto aliyeuliza hatua.

Nilikutana naye tena yapata mwaka 2016, sokoni Same, siku ya gulio. Yeye ndiye aliyenitambua.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nikumbushe, wewe ni nani?"

"Mimi ni yule wa kibao," akasema, akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Alikuwa akiuza tangawizi kutoka pande za Mamba Miamba, huko milimani ambako zao hilo limewapa watu wengi ada za shule na mabati ya nyumba. Magunia yalipimwa kwa mizani ya kuning'iniza, lakini wateja wa kilo moja moja aliwapimia kwa mizani ya zamani, ile ya sahani mbili. Akaja mama mmoja na kikapu chake, akataka tangawizi itiwe humo humo kikapuni. Yule bwana akaweka kikapu kwenye sahani moja. Kisha, kabla hajaweka jiwe lolote, akachukua kikapu kingine kama kile, kitupu, akakiweka kwenye sahani ya pili. Ndipo akaweka mawe, akaanza kujaza tangawizi mpaka mtambo ukatulia.

Nikamuuliza kikapu cha pili ni cha nini, ingawa nilikwisha kuona.

"Kikapu si tangawizi, mwalimu," akanijibu. "Mama hawezi kulipia ukili. Nikitaka kuliondoa kapu hili katika hesabu, lazima liwepo na pacha lake kule."

Akamfungia mama tangawizi yake, akageukia mteja mwingine. Hakujua kwamba alikuwa amejibu swali lake mwenyewe la miaka thelathini na miwili iliyopita, nami nilikuwa nimesimama pale mbele yake kama mwanafunzi. Nilitaka kumwambia. Nilimwomba radhi kwa habari ya kibao, akasema yalikwisha, akanitilia tangawizi nyumbani kwangu akakataa pesa. Kuhusu ile ishirini sikusema kitu. Soko lilikuwa limejaa na mteja alikuwa akisubiri.

Miaka yangu michache ya mwisho darasani, baada ya siku ile, nilibadili namna ya kufundisha. Nilichora sahani mbili ubaoni kabla ya kuandika alama yoyote. Nilikataa neno kuvuka kwa mwezi mzima. Mwanafunzi aliyefanya hatua alitakiwa aiseme, kwa lugha yoyote aliyoiweza, akianza na maneno "natoa huku na kule" au "nagawa huku na kule". Walipozoea, wenyewe wakaanza kufupisha, wengine wakafikia ule mkato wa kugeuza alama bila kufundishwa. Sikuwazuia. Mkato ulioupata mwenyewe hukupotezi, maana unaijua njia ndefu. Sikugeuza shule, wala sikuyapandisha matokeo ya mkoa. Lakini lile jibu la −80 lilikuwa adimu madaftarini mwangu, na maswali yakawa mengi.

Wageni wanaopita katika barabara kuu ya kwenda Moshi huona kibao chenye jina la mji wetu, na wale waliozoea Kiingereza hulisoma kwa macho ya Kiingereza, wakapata neno lenye maana ya sawasawa. Sisi wenyeji huwasahihisha: si hivyo, ni Sa-me, mizani mbili. Siku hizi nikiwasikia wakikosea, nakumbuka ile mistari miwili ya Recorde na zile sahani mbili za gulioni, nami siwasahihishi upesi kama zamani.

Basi, mwanangu wa kidato cha kwanza, popote utakapoyasoma haya: uliuliza ni kitu gani kinachoigeuza ile ishirini ikivuka. Haivuki, na hakuna kinachoigeuza. Inaondoka huku, na kwa ajili ya haki inaondoka na kule. Swali lako lilikuwa zuri, na lugha uliyoliulizia ilikuwa ndiyo yenyewe.